Kumpiga picha kijana wa mahafali nje ya studio, kuanzia miguuni hadi usoni

Kila ifikapo Septemba na Oktoba, shule za sekondari za Mtwara na Lindi huwaaga wanafunzi wa kidato cha nne, na wazazi wengi hutaka picha moja nzuri ya kijana wao, ya kutundikwa sebuleni, ipatikane kabla mwenyewe hajazama katika mtihani wa taifa wa Novemba. Kijana wa kiume wa miaka kumi na saba ni mgumu kumpiga picha, si kwa kukosa sura, bali kwa sababu mwili wake umemtangulia: amerefuka ghafla, mikono yake imeipita mikono ya shati, na kila aliye karibu anamwamuru atabasamu. Wapiga picha wengi huanza kumrekebisha usoni, wakimwambia acheke, ainue kichwa, atazame huku. Mwongozo huu unafuata njia ya kinyume. Mwanga hutangulia, ikafuata miguu, kisha mikono, kisha mabega na shingo, na uso huja mwisho, kwa kuwa uso wa mtu aliyesimama vibaya hautulii hata ukibembelezwa.

Hatua ya kwanza: kubaliana siku na saa

Jitahidi picha hizi zisipigwe siku ya mahafali yenyewe. Sherehe hufanyika mchana, na mchana wa Oktoba katika mikoa hii una ubaya wake wa pekee: Mtwara na Lindi ziko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na kati ya tarehe 18 na 20 Oktoba jua hupita utosini kabisa, kiasi kwamba mti uliosimamishwa wima saa sita mchana hauna kivuli. Mwanga unaoshuka wima namna hiyo huyafanya macho kuwa mashimo mawili meusi, huweka kivuli chini ya pua na chini ya mdomo, na huacha paji la uso liking'aa peke yake. Siku ya mahafali piga picha za familia, za marafiki na za keki, kisha panga siku nyingine kwa ajili ya picha ya kijana peke yake.

Kwa majira hayo jua huchomoza kabla kidogo ya saa 12:00 asubuhi na kuzama karibu saa 12:15 jioni. Saa zinazofaa, basi, ni kuanzia macheo hadi kama saa 2:00 asubuhi, au kuanzia saa 10:45 jioni hadi jua linapozama. Mimi huchagua jioni, kwa sababu kijana wa umri huo aliyeamshwa alfajiri huja na macho yaliyovimba na moyo usiotaka kuja. Mwambie afike saa 10:30, si saa 11:00, kwani nusu saa ya kwanza hupotea katika kumzoesha kamera, na jua letu likishaanza kuzama halina subira: dakika kama ishirini baada ya kutoweka, mwanga unaokuwa umebaki si wa kutegemea.

Mazungumzo ya kupanga siku yafanyike na mzazi na kijana wakiwa pamoja, kwani kila mmoja ana picha yake kichwani. Mama humtaka mwanawe atabasamu na shati likiwa limechomekwa. Kijana hutaka sura ya ukauzu na miwani ya jua. Waahidi wote wawili, kisha timiza ahadi zote mbili, kwa sababu hakuna gharama yoyote katika kupiga picha kumi za ziada.

Hatua ya pili: chagua mahali kwa mwanga wake, si kwa umaarufu wake

Mikindani, kilomita kama 10 kutoka Mtwara mjini, ina nyumba za zamani za mawe ya matumbawe, milango ya nakshi, roshani na kuta ambazo chokaa yake imebanduka vizuri. Boma la Kale, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, sasa ni hoteli, kwa hiyo omba ruhusa kwa wenyeji wake kabla ya kusimamisha mtu ngazini. Mlango wa nakshi wa nyumba ya mtu nao ni wa nyumba ya mtu. Piga hodi, salimia, eleza nia yako, na aghalabu utaletewa na kiti.

Ukipendelea ufukwe, wa Shangani au kwingineko, uliza kwanza habari za maji. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa alasiri kuelekea saa kumi, nawe utakuta ufukwe umebaki ukanda mwembamba na watu wote wamebanana juu yake. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, alasiri hiyohiyo maji huwa yamepwa, na mchanga uliolowa huakisi anga kama kioo. Wavuvi wanazijua saa hizi kuliko ratiba yoyote, na ndio pia wa kuombwa ruhusa ikiwa unataka kijana akae kwenye ukingo wa mtumbwi au ngalawa. Mjini Lindi, asubuhi jua hutokea upande wa ghuba, ng'ambo ya Kitunda, na hapo macheo huwashinda machweo.

Minazi hupendeza machoni kuliko kwenye picha ya mtu. Makuti huchuja jua vipandevipande, na vipande hivyo vikimwangukia kijana usoni humfanya aonekane mwenye mabaka. Tena usimsimamishe mtu chini ya mnazi wenye nazi pevu. Mkorosho ni bora zaidi, kwani matawi yake hushuka chini na kivuli chake ni kizito na sawia, ila Oktoba ni mwanzo wa msimu, na hapo nilipata somo. Niliwahi kumwegemeza kijana kwenye tawi bila kuangalia juu, bibo lililoiva likamdondokea begani, na maji ya bibo hayatoki kwenye shati jeupe kwa sabuni yoyote niijuayo. Tangu siku hiyo hutikisa tawi kwanza.

Bandari, uwanja wa ndege, kambi za jeshi na vituo vya polisi viache kabisa, hata kama ukuta wao una rangi nzuri.

Hatua ya tatu: mavazi

Mavazi mawili yanatosha: sare ya shule au joho, na nguo moja aliyoichagua mwenyewe. Suti ya kuazima iliyompwaya mabegani ibanwe mgongoni kwa vibanio vya nguo, kwani mgongo hauonekani. Mifukoni asiwe na simu wala funguo. Aje na kitambaa cha kufutia jasho, na akipaka mafuta usoni yawe kidogo. Mng'ao mwembamba wa ngozi nyeusi jioni hujenga umbo la uso, bali ukizidi huwa madoa meupe.

Hatua ya nne: mgeuze aukabili mwanga

Kabla ya kugusa kamera, mwambie kijana azunguke polepole mahali alipo huku wewe ukimtazama machoni. Katika kila mzunguko kuna mahali ambapo nukta ndogo ya mwanga huwaka ndani ya mboni, kivuli cha pua hufupika, na shavu moja hung'aa kuliko jingine bila jingine kuzama gizani. Mahali hapo ndipo pa kumsimamisha, na mandhari utaitafuta ukishapapata.

Jua likiwa bado kali, msimamishe ukingoni mwa kivuli, hatua moja tu ndani yake, uso ukielekea kwenye uwanda wenye mwanga. Barazani pa nyumba za zamani hali hii hupatikana hata saa tisa. Tazama pia ardhi iliyo mbele yake, kwani nayo humulika: mchanga mweupe huangaza chini ya kidevu vizuri kabisa, udongo mwekundu hupaka shingo wekundu, na majani mabichi huleta ukijani unaosumbua kuuondoa baadaye. Pakikosekana mchanga, karatasi nyeupe ya manila, ileile ya darasani, ikishikwa na rafiki yake usawa wa kiuno, hufanya kazi hiyohiyo. Rafiki aliyepewa karatasi ashike hupata kazi ya kufanya, naye huacha kumcheka mwenzake.

Jua likishuka, unaweza kulipeleka nyuma yake ili lichore ukingo wa mwanga kwenye nywele na mabega. Hapo kamera hudanganyika. Bahari au anga linalong'aa nyuma huifanya kamera ipunguze mwanga na uso ukawa giza. Kinyume chake, uso mweusi ukijaza fremu huifanya iongeze mwanga kupita kiasi, na ngozi ikapoteza rangi yake halisi. Kwenye simu, gusa uso wake kwenye skrini, kisha panda au shuka kwa kidole hadi ngozi iwe kama unavyoiona kwa macho. Kwenye kamera, fanya hivyo kwa mkono wako mwenyewe badala ya kuiachia iamue. Kipimo changu ni vifungo vya shati: vikionekana kimoja kimoja juu ya weupe wa shati, mwanga haujazidi.

Hatua ya tano: miguu

Mwanafunzi wa Tanzania amefundishwa kusimama kwa miaka kumi na moja, na amefundishwa mstarini. Ukimwambia "simama vizuri", atakupa mguu sawa: visigino vimegusana, mikono imenyooka kandoni, kifua mbele. Msimamo huo unafaa kwa gwaride na kwa picha ya kitambulisho.

Mwache kwanza apige pozi zake zote alizoziona kwa wasanii, vidole viwili, mkono kidevuni, yote, nawe upige kweli, usijifanye. Baada ya dakika kumi zitamwishia, na hapo ndipo kazi yako inapoanza. Mgeuze mwili mzima robo ya duara kasoro, ili bega moja liwe karibu nawe kuliko jingine. Miguu iachane kwa upana wa mabega. Kisha mwambie, "Mwanangu, uzito wako wote uhamishie mguu wa nyuma." Wa mbele usogezwe nusu hatua kuelekea kwenye kamera, goti likilegea. Utaona nyonga ikishuka kidogo, bega likiifuata, na mwili uliokuwa kama ubao ukipata mpindo.

Wengi hudhani wamehamisha uzito kumbe wameinama tu. Mpime kwa kumwambia ainue kisigino cha mguu wa mbele: akiyumba, uzito haujahama. Fanya jambo hili hata kama picha ni ya kifuani na miguu haitaonekana, kwani mabega hupokea amri kutoka miguuni. Akichoka, mwambie atembee hatua tano kuondoka na tano kurudi, kisha asimame anaposimama. Mara nyingi atatua sawasawa bila kuelekezwa, kwa kuwa mtu atembeaye hasahau namna ya kusimama.

Hatua ya sita: mikono

Mkono usio na kazi hujitafutia kazi, na kazi unayoipata huwa mbaya: kufunika sehemu za siri kama mchezaji aliye ukutani wakati wa frikiki, au kukunja ngumi. Upe kazi. Mkono mmoja uingie mfukoni, kidole gumba kikibaki nje. Au kinyume chake, gumba liingie na vidole vinne vibaki nje. Mikono yote miwili mifukoni huinua mabega hadi masikioni, kwa hiyo iruhusu tu ikiwa ameegemea. Kati ya kiwiko na mbavu pabaki upenyo unaopitisha mwanga, la sivyo mkono na kiwiliwili huungana na kijana mwembamba akaonekana mnene.

Mkono mwingine urekebishe kitu: saa, kishikizo cha mkono wa shati, tai, joho lililotundikwa begani kwa vidole viwili. Upande wa mkono, wa kidole kidogo, uelekee kwenye kamera badala ya kiganja kizima cha nyuma, ambacho huonekana kipana kama uso. Vidole vikikakamaa, mwambie ashike kama aliyeshika yai. Akitaka kukunja mikono kifuani, akunje, ila vidole vionekane juu ya mkono na visizame kwapani, na mabega yashuke.

Kitu cha kwake mwenyewe hushinda maelekezo yote. Mchezaji mpe mpira, si wa kuubeba mbele ya tumbo kama tikiti maji, bali wa kuubana kati ya nyonga na kiganja. Anayependa baiskeli na aje nayo, ashike usukani kwa mkono mmoja. Tafadhali usimpe kitabu kijana ambaye hujawahi kumsikia akitaja kitabu, kwani atakishika kama trei, na picha itasema hivyo kwa miaka yote itakayokaa ukutani.

Hatua ya saba: mabega, shingo, uso

Mwambie avute pumzi na kuishusha. Mabega yatashuka nayo. Kisha asogeze paji la uso mbele kuelekea kwako, kama anayetaka kusikia unachonong'ona, na ashushe kidevu kidogo sana. Atajiona kama kobe. Muoneshe wewe mwenyewe ukiwa ubavu kwake, mcheke wote wawili, kisha mpige, na umwoneshe picha ya kabla na ya baada: ngozi ya chini ya kidevu imenyooka na mstari wa taya umejitokeza. Vijana huyaamini macho yao kuliko maneno yako. Akiinua kidevu badala ya kukisogeza mbele, utakuwa unapiga picha ya matundu ya pua.

Akigeuza uso pembeni, macho yafuate pua. Macho yakigeuka zaidi ya pua, weupe hubaki mwingi na hutisha. Pua isivuke mstari wa shavu la mbali, ama iishie kabla yake, ama ageuke ubavu kabisa.

Kuhusu tabasamu, usiliombe. Tabasamu la kuombwa hukaa midomoni tu. Muulize swali ambalo jibu lake analipenda, nani alikuwa mvunjaji sheria mkubwa bwenini, kwa mfano, na upige anapomaliza kujibu, si anapojibu. Mama naye aombwe kwa heshima: "Mama, naomba usimame nyuma yangu kabisa, ili asikutafute kwa macho." Sura ya ukauzu nayo haihitaji kununa. Inatosha midomo ikutane bila kubanwa na kope za chini zipande kidogo, kama mtu anayesoma bango la mbali.

Hatua ya nane: kuegemea na kukaa

Kijana aliyeshindikana akiwa amesimama, mwegemeze. Bega moja tu liguse ukuta, si mgongo wote, na mguu wa karibu na ukuta ndio ubebe uzito. Pangusa ukuta kwanza kwa kiganja: ukuta wa chokaa huacha unga kwenye suti nyeusi. Pozi la kukanyaga ukuta kwa kiatu linapendeza, lakini mwenye nyumba hatapendezwa na alama ya soli.

Akikaa, kwenye ngazi au ukingo wa mtumbwi, akae ukingoni, asijaze makalio yote. Ainame mbele, viwiko juu ya mapaja nyuma kidogo ya magoti, mikono ikining'inia au ikishikana kwa ulegevu, na mguu mmoja utangulie. Magoti yasielekee moja kwa moja kwenye kamera, kwani kilicho karibu na lenzi hukua, na magoti yakikua uso hupungua. Hili ndilo pozi ninalolitegemea kuliko yote, kwa kuwa linafanana na namna vijana wanavyokaa vijiweni, na kijana hahisi kwamba anapozi.

Hatua ya tisa: fremu

Simama mbali kiasi, kisha vuta kwa lenzi. Kwa kamera, lenzi ya milimita 85, au ya 50 kwenye kamera zenye kihisi kidogo, huuacha uso na uwiano wake. Kwa simu, tumia mkuzo wa mara mbili na urudi nyuma mita mbili au tatu, kwani simu ikisogezwa karibu hukuza pua na kufuta masikio. Picha ya mwili mzima kamera iwe usawa wa kiuno, ya nusu mwili iwe kifuani, ya uso iwe usawa wa macho. Kijana mfupi anayeona haya ya ufupi wake utamsaidia kwa kupiga goti, bila kumwambia sababu.

Ukikata mwili, kata katikati ya mapaja, kiunoni au kifuani. Usikate kwenye goti, kifundo wala kiwiko, kwani kiungo kilichokatwa kwenye fremu huonekana kama kimekatwa kweli. Mstari wa bahari usipite shingoni wala kichwani: shuka au panda hadi ukae chini ya mabega. Angalia nguzo ya umeme au mnazi unaoota utosini, nawe usogee nusu hatua tu. Akitazama kushoto, nafasi kubwa iwe kushoto. Umbali kati yake na ukuta au vichaka vya nyuma uwe mita tatu au zaidi ukitaka nyuma pafifie. Lakini ukimweka mlangoni pa nakshi, mlango nao uonekane, kwa hiyo tundu la lenzi litoke 2.8 lifike 5.6, na kasi ya kupiga isishuke chini ya 1/250 ya sekunde kama upepo wa kusi bado unapeperusha joho.

Hatua ya mwisho: kuchagua na kuchapa

Kati ya picha mia mbili mwoneshe mteja ishirini, ukianza kuondoa zile ambazo macho hayako kwenye ulengo, yaani yametoka na ukungu. Chunusi ya wiki hii iondoe. Kovu la utotoni liache, na rangi ya ngozi usiing'arishe hata ukiombwa na shangazi. Kumbuka kwamba fremu ya simu na karatasi ya A4 hazilingani kwa uwiano, na kwamba fremu ya mbao hula ukingo wa picha pande zote, kwa hiyo picha unayoiandaa kwa ajili ya ukuta iache na nafasi juu ya kichwa na kando ya viwiko. Chapa moja ndogo ya majaribio kwanza, kwani skrini ya simu huonesha picha ikiwa na mwanga zaidi kuliko karatasi, na ngozi iliyoonekana sawa mkononi hutoka nzito kwenye karatasi. Ongeza mwanga kidogo, kisha ndipo uchape ile kubwa.